Fumo: jina la kiume linalojulikana na wengi na kubebwa na wachache

Kuna majina ya Kiswahili ambayo msomaji huyajua tangu shuleni lakini hajawahi kumsikia mtu akiitwa hivyo mtaani. Fumo ni mojawapo. Kila aliyesoma fasihi simulizi amekutana na Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao wa kaskazini aliyekuwa bingwa wa upinde na bingwa wa ushairi. Ukimuuliza msomaji huyo huyo ni mtoto gani wa kiume anayemfahamu kwa jina la Fumo, huenda akafikiri kwa muda mrefu na asipate jibu. Kwenye visiwa vya Lamu na Pate, na bara yake kuelekea Witu na Kipini, jina hili lina mizizi ya vizazi vingi. Ukishuka kusini linaadimika, na mwenye nalo hulazimika kulirudia mara mbili anapojitambulisha.

Mzazi anayetaka kulijua zaidi huingia mtandaoni, na huko mambo huvurugika. Ataambiwa kwamba fumo ni moshi, kwa kuwa ndivyo neno hilo lilivyo katika Kiitalia, ambako pia ni jina la ukoo. Akiendelea kidogo ataletewa picha za vikaragosi laini vya Kijapani. Vyote hivyo havihusiani na mtoto wa Kiswahili. Jina letu lina asili yake, nayo ni ya zamani sana, ila imepindana kwa sababu maneno mawili tofauti yameangukia kwenye tamko moja.

Neno la kwanza ni fumo kwa maana ya mkuki, hasa ule wenye ubapa mpana. Kamusi za Kiswahili bado zinalo, ingawa katika mazungumzo ya leo mkuki umelimeza. Linakwenda sambamba na kitenzi fuma, kwa maana ya kuchoma au kupiga kwa mkuki au mshale. Kwa sababu Liyongo alikuwa mtu wa silaha, wengi hulifasiri jina lake hivyo: Fumo ni mkuki, Liyongo ni mkuki wa watu wake. Ni tafsiri inayopendeza, na mzazi anayempa mwanawe jina hili kwa nia hiyo hana la kulaumiwa.

Neno la pili ni fumo kwa maana ya mkuu, mtawala, mwenye nchi. Mimi nashikilia kwamba hili ndilo lililozaa jina, na sababu zake zimo katika namna lilivyotumiwa. Fumo hutangulia jina la mtu, kama vile bwana, shehe na mwinyi. Walioitwa hivyo hawakuwa mashujaa wa vita peke yao. Walikuwa watu wa nyumba za kutawala, akiwemo mwenye kupigana na mwenye kukaa barazani akisikilizishwa mashairi. Utendi wa Tambuka, mmojawapo wa tendi kongwe zaidi tulizo nazo kwa maandishi, ulitungwa na Mwengo bin Athumani mwaka 1728 katika jumba la mfalme wa Pate, na mfalme huyo anakumbukwa kwa jina la Bwana Fumo Laiti Nabahani. Huyu tunamkumbuka kwa utendi uliotungwa kwake, wala si kwa mkuki. Tena Mwana Khadija, mwanamke aliyetawala Pate karne ya 18, hakuitwa Fumo. Heshima yake ilikuwa Mwana. Hapo ndipo tunapoona kwa nini jina hili limebaki la wanaume: lilikuwa cheo cha kiume tangu mwanzo.

Asili ya mbali

Tukiliondoa neno hili kwenye mwambao na kulifuata bara, tunalikuta katika nchi nyingi. Mchewa wa Malawi humwita mkuu wake mfumu, na utawala wake huuita ufumu. Wabemba wa Zambia nao husema mfumu, na Wakongo wa magharibi kabisa, karibu na mdomo wa mto Kongo, vivyo hivyo. Mtawa wa Kireno João dos Santos, aliyeishi Sofala na bonde la Zambezi mwishoni mwa karne ya 16, alichapisha kitabu mwaka 1609, na humo wakuu wa vijiji vya huko anawataja kwa neno fumo. Kusini zaidi, mji ambao leo ni Maputo umekaa juu ya nchi ya zamani ya watu wa Mpfumo, na hadi sasa wilaya yake ya katikati inaitwa KaMpfumo. Si ajabu basi kwamba Fumo ni jina la ukoo la kawaida kusini mwa Msumbiji. Msomaji akikutana na Mmsumbiji mwenye jina hilo, asidhani kwamba babu yake alitoka Pate. Wamechota kisima kimoja kila mmoja kwa upande wake.

Wataalamu wa lugha za Kibantu hulirudisha neno hili kwenye mzizi mkongwe uliotamkwa karibu na kumu. Katika lugha nyingi za Kibantu, ku ya zamani yenye irabu iliyobanwa iligeuka fu. Anayejua Kiswahili na Kilingala anaweza kuyaona mabadiliko hayo kwa macho yake: sisi tunasema mfupa, Kilingala kinasema mokuwa. Kwa kanuni hiyo hiyo, Wamongo wa Kongo wanaye nkumu, mkuu wa kimila, pale ambapo Wachewa wana mfumu. Neno ni lile lile, limevaa sauti za kila nchi.

Sasa, jambo lililonivutia zaidi kuliko yote ni hili. Ukifika Usukumani, nfumu hatawali. Ni mganga. Kwa Warundi na Wanyarwanda, umupfumu ni mganga na mpiga ramli. Kwa Waganda, omufumu ni mganga wa kienyeji. Ukivuka kwenda Zimbabwe, mupfumi wa Washona ni tajiri, na Watsonga wana kitenzi kufuma kinachobeba utajiri na utawala kwa pamoja. Mkuu, mganga na tajiri: mzizi mmoja umezaa watu watatu. Si kwamba lugha hizi zimechanganyikiwa. Katika jamii za zamani mtu aliyeshika nchi mara nyingi ndiye aliyeshika mvua, dawa na mifugo, na neno lilimtaja kwa ukamilifu wake. Jamii zilipobadilika, kila moja ilibaki na upande uliouhitaji.

Kwenye mwambao ulibaki upande wa utawala peke yake. Uganga ulikuwa tayari na neno lake, na mwenye mali akaja kuitwa tajiri, neno la Kiarabu lenye asili ya biashara. Fumo akabaki na kiti. Kwa hiyo Msukuma au Mrundi akisikia jina Fumo na moyo ukamwambia kuna uganga ndani yake, hajakosea kuhusu ukoo wa neno. Ila katika jina la mtoto wa Kiswahili maana hiyo haimo.

Liyongo, na nyumba za Pate na Witu

Aliyelifanya jina hili lisife ni Liyongo. Wanahistoria wanabishana juu ya karne aliyoishi, lakini nchi yake haina utata: ni ukanda wa Ozi na mlango wa mto Tana, pamoja na Pate. Habari zake zilipigwa chapa London na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, mwaka 1870, na utendi wake unaosomwa zaidi ni ule ulioandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Humo tunamsoma mtu aliyefungwa gerezani na mfalme aliyemwogopa, akatumia wimbo kumwelekeza kijakazi Saada amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi walikula mikate mizuri wakauacha wa wishwa umfikie mfungwa. Usiku ngoma ya gungu ikapigwa nje, na kelele zake zikafunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Kifo chake ndicho kinachowaliza watu mpaka leo. Mwanawe wa kumzaa alirubuniwa kwa ahadi ya cheo na mke, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, kitu pekee kilichoweza kumuua. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda hadi karibu na kisima, akapiga goti na kutia mshale. Akafa akiwa vile vile. Watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji. Walimwona amelenga, wakadhani yu hai na ghadhabu zake. Ilibidi wamwendee mama yake amtulize kwa nyimbo, siku baada ya siku, mpaka mwili ulipoanguka wenyewe ndipo walipojua.

Kwa kisa kama hicho, jina lilipata uzito usiopatikana kwa cheo kitupu. Lakini liangalie vizuri: jina la mtu huyu lilikuwa Liyongo. Fumo ni cheo kilichomtangulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa watawala wa Pate waliofuata. Yule tunayemwita Fumo Madi, aliyetawala mpaka mwaka 1809 na ambaye baada yake nguvu za Pate zilipungua mno, kwa jina rasmi alikuwa Sultani Muhammad. Madi ni ufupisho wa nyumbani. Cheo na ufupisho vikagandana, wapokezi wa habari wakaandika Fumomadi kana kwamba ni neno moja. Fumoluti naye vivyo hivyo. Mtu anayelitafuta jina hili kwenye orodha za watawala akitazama herufi F-u-m-o peke yake atakosa nusu ya waliolibeba, maana limeshonwa ndani ya majina mengine.

Mwana wa Fumoluti, Ahmad, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, ndiye aliyehamia bara na kuweka kiti chake Witu, mji uliozungukwa na misitu. Mwaka 1885 alijiweka chini ya ulinzi wa Ujerumani ili asimezwe na Sultani wa Zanzibar. Alipofariki mwaka 1889 akarithiwa na Fumo Bakari. Huyu ndiye mbebaji wa mwisho wa jina hili aliyevuma nje ya mwambao wetu, na alivuma kwa msiba. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo: Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini, na Witu ikatiwa mikononi mwa Uingereza. Fumo Bakari hakuulizwa. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa, wakiongozwa na Andreas Küntzell aliyekuja kufanya biashara ya mbao, waliuawa Witu baada ya mapambano na watu wa Fumo Bakari. Oktoba, Waingereza chini ya Admirali Fremantle wakapanda kutoka pwani wakauteketeza mji. Fumo Bakari akakimbilia msituni na kufariki Januari 1891. Ndugu yake, Fumo Omari, akaendeleza upinzani kwenye ngome za msituni za Pumwani na Jongeni, nazo zikavunjwa mwaka 1893.

Mwaka 1895 Waingereza walimtawaza Witu mtu wao, Omari Madi. Tazama jina hilo. Madi limo, Fumo haimo. Sidhani ni kwa bahati. Kiti kilikuwa kimebaki cha heshima tu, na jina la wenye nguvu lilikuwa limekwenda na waliopigana.

Kwa nini limeadimika

Watu wengi hudhani jina likiwa adimu basi limepitwa na wakati, au halipendezi. Kwa Fumo, sababu nyepesi kuielewa ni uchache wa waliokuwa na haki nalo. Linganisha na vyeo vingine vilivyogeuka majina. Jumbe lilikuwa cheo cha mkuu wa kijiji, na Wajerumani walipotawala Tanganyika wakalitumia kila mahali. Majumbe wakawa mamia. Mwinyi lilikuwa jina la heshima la mwenye mji au mtaa, kutoka Lamu hadi kusini kabisa. Vyeo hivyo vilikuwa na watoto wengi wa kuvirithi kama majina, na matokeo yake tunayajua: Aboud Jumbe akawa Rais wa Zanzibar kuanzia 1972 hadi 1984, Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, na hakuna aliyeshangaa kuyasikia majina yao. Fumo lilikuwa la nyumba chache za visiwa na delta. Nyumba hizo zilipovunjika, hapakuwa na mitaa mia ya kulitunza. Na lisichanganywe na Mfaume, jina lililo hai Tanzania. Hilo ni mfalme kwa tamko la zamani, na njia yake ni nyingine.

Sababu ya pili ni dini, na hapa inafaa kusema kwa uangalifu. Waswahili wa Pate walikuwa Waislamu kwa karne nyingi huku wakiitana Fumo, Bwana na Mwana bila kuona mgongano. Kilichobadilika ni heshima. Mwishoni mwa karne ya 19 Lamu ilianza kuwa kitovu cha elimu ya masharifu kutoka Hadhramaut na Komoro. Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha ndio mfano unaojulikana zaidi. Mzazi aliyetaka kumpa mtoto jina la kumkweza alikuwa sasa na mifano mipya ya utukufu, na mingi ilikuwa ya elimu na nasaba ya Mtume badala ya utawala wa kienyeji. Pamoja na hayo kuna hadithi inayopendekeza Abdallah na Abdurrahman kuwa majina bora. Polepole cheo cha zamani kikabaki kwa wazee na kwenye tendi.

Wapo wazazi wanaouliza kama jina lenye maana ya mtawala linafaa kwa Mwislamu, kwa kuwa wamesikia katazo. Katazo lililopo katika hadithi sahihi ni la mtu kujiita mfalme wa wafalme, kwa kuwa hiyo ni sifa ya Mungu peke yake. Malik, linalotokana na neno la mfalme na mmiliki, limekuwa jina la kawaida tangu zama za mwanzo. Imamu Malik bin Anas wa Madina analo. Fumo halifiki hata huko. Kwa Wakristo hakuna tatizo la aina hiyo, ingawa padri au mchungaji anaweza kuomba jina la pili la ubatizo.

Kwa anayetaka kumpa mwanawe

Naliona kuwa jina zuri, na ningependa lirudi. Ni fupi, linatamkika katika lugha zote za eneo letu, limetoka ndani ya Kibantu chenyewe, na lina historia iliyoandikwa tangu enzi za tendi zetu za kwanza. Watoto wetu wana akina Ryan na Jayden wa kutosha.

Jambo la kuamua mapema ni kama unalitaka lisimame peke yake au litangulie jina jingine. Kimila lilitangulia, na hadi leo hukaa vizuri mbele ya jina fupi: Fumo Bakari, Fumo Omari, Fumo Ali. Likitangulia jina refu la Kiarabu huzidiwa. Ukilitumia peke yake, mwandikishaji wa vizazi anaweza kudhani ni jina la ukoo akaliweka mwisho, hivyo hakikisha limeingia kwenye nafasi ya jina la kwanza kabla cheti hakijapigwa muhuri. Usiliunganishe kama wapokezi wa zamani walivyofanya. Fumobakari kwenye cheti cha kuzaliwa itakuwa neno moja katika pasipoti, na kurekebisha ni usumbufu wa miezi.

Kuhusu Fumo Liyongo kamili, yaani kumpa mtoto yote mawili, wapo wanaolipenda kwa ajili ya utendi. Mimi ningemuuliza kwanza bibi wa upande wa mama, hasa ikiwa familia ina asili ya Lamu. Wazee wa huko wanakijua kisa mpaka mwisho, sindano ya shaba na mwana aliyeishika, na baadhi yao hawatapenda mjukuu wa kwanza aitwe kwa jina la mtu aliyeuawa na mwanawe. Wengine watasema Liyongo alikuwa mwenye haki na jina lake ni fahari. Katika mambo ya kutaja mtoto, neno lao lina nafasi yake, na ni afadhali lisikike kabla ya siku ya saba.